Kamera ya mkanda wa 120 ya kusafiri nayo: niliyoyaona kati ya Tanga, Pangani na Lushoto

Mkanda wa picha wa 120 ulianza kuuzwa mwaka 1901 na hadi leo haujatoweka sokoni. Upana wake ni sentimita 6 hivi, mgongoni una karatasi, na hauna kikopo cha chuma kama ule wa milimita 35 tuliouzoea. Negativu yake ya sentimita 6x4.5 ina eneo linalozidi mara mbili na nusu lile la mkanda wa 35. Ya 6x6 inazidi mara tatu na nusu, na ya 6x7 inazidi mara nne. Kwenye skrini ya simu huoni tofauti yoyote. Utaiona siku utakapoikuza picha ikawa na ukubwa wa meza, ukaweza kufuata misuko ya ukili kwenye mkeka na kuona chumvi iliyokauka juu ya kamba ya ngalawa.

Nilitaka kamera ya mkanda huo, ya kukaa kwenye mkoba wangu kutoka Tanga mjini hadi Pangani na kutoka pwani hadi Lushoto, bila kunigeuza mchukuzi wake. Ushauri mwingi nilioupata umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanajadili ukali wa lenzi na bei. Kuvu hawaitaji, hewa ya chumvi hawaitaji, wala basi lililojaa hadi mkoba wako unapakatwa na abiria usiyemjua. Kwa hiyo nayaandika ya huku kwetu, na gharama zake.

Hamu yenyewe ilitoka kwenye picha ya bibi yangu, ya mraba, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio moja ya Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, kabla sijazaliwa. Negativu yake tunayo. Niliishika dirishani nikaona maandishi ya kanga yake yakisomeka, herufi kwa herufi, kwenye kipande kisichofika upana wa kiganja. Tangu hapo picha za simu hazikunitosha.

Jambo la kwanza kulielewa ni hesabu ya fremu, maana ndiyo itakayokula pesa zako kuliko kamera yenyewe. Mkanda mmoja wa 120 hutoa picha 16 au 15 kwenye kamera ya 6x4.5, picha 12 kwenye ya 6x6, picha 10 kwenye ya 6x7, na picha 8 tu kwenye ya 6x9. Mimi mkanda wa rangi hunifikia Tanga kwa kiasi cha shilingi 40,000, nikijumlisha na shukrani ya anayenibebea. Kwa bei hiyo kila picha ya 6x4.5 ni shilingi 2,500, na kila picha ya 6x9 ni shilingi 5,000 kabla haijasafishwa. Fuji GW690, ya 6x9, inasifiwa sana, na sifa zake ni za haki. Lakini ina uzito wa kama kilo moja na nusu, na kwa picha nane utabadilisha mkanda kabla kivuko cha Pangani hakijafika ng'ambo ya Bweni. Niliiondoa kwenye orodha mapema.

Mamiya 7 niliishika mkononi Dar es Salaam, kwa hisani ya mpiga picha mmoja wa harusi. Ilitoka mwaka 1995, ni ya 6x7, lenzi zake zinabadilishwa, na kwa ukubwa wa negativu inayotoa mwili wake ni mwepesi. Ukitazama kwenye kitafutio chake unatamani kuondoka nayo. Lakini bei ya iliyotumika inapita ya pikipiki mpya, na shata yake, yaani kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye mkanda, inaendeshwa kwa umeme: bila betri haifyatuki. Nikajiuliza, ikinyamaza nikiwa Tanga, nani ataifungua? Sikuwa na jibu. Kamera ya bei ile ambayo unaogopa kuitoa mkobani kwenye stendi ya mabasi ya Kange hupigi nayo picha za safari, unailinda tu.

Basi nikaelekea kwenye kamera za kukunja. Hizi ndizo ndogo kweli. Ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele unafunguka na lenzi inatoka ikiwa imeshikwa na mfuko wa ngozi wenye mikunjo. Ukifunga, zinabaki bapa, na nyingine huingia mfuko wa koti. Wajerumani walizitengeneza kwa wingi miaka ya 1930 hadi 1950, Zeiss Ikon na Voigtländer miongoni mwao, na Fuji akairudia njia hiyo mwaka 1983 kwa GS645. Niliagiza moja ya zamani kutoka nje. Sitaitaja jina, maana tatizo lake lilikuwa umri. Pamoja na usafirishaji ilinigharimu laki nne na ushee, kisha ukaja ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, fungu ambalo sikuwa nimelitenga.

Mkanda wa kwanza ulitoka na madoa meupe, na yalizidi kwenye picha ambazo kamera ilikaa wazi juani kabla sijafyatua. Nikaambiwa nimtafute mzee mmoja Ngamiani, aliyefanya kazi studio kwa miaka mingi na bado ana sanduku la bisibisi ndogondogo. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Nilimpa. Aliigeuza, akaifungua, akaisikiliza shata kwa kasi ya sekunde moja huku amefumba macho. Kisha akaniita chumba cha ndani, akafunga dirisha, akaniomba simu. Aliwasha tochi ya simu na kuiingiza ndani ya mfuko wa ngozi kupitia mgongo wa kamera. Gizani nikaona nukta za mwanga kwenye pembe za mikunjo.

"Ya kukunja hufia pembeni," aliniambia. "Lenzi yako nzima, shata nzima. Kilichokwisha ni ngozi. Na hizi si picha za kwako peke yako, mwanangu, mtu amekukalia ukampiga, ukirudi kumwambia ameharibika utamwambia nini?"

Neno hilo limekaa nami kuliko jambo lolote la kiufundi. Unapopiga picha safarini, aliyekupa uso wake humpati tena kwa urahisi. Kamera usiyoiamini inamdhulumu yeye kwanza.

Aliziba pembe kwa kitambaa chembamba na rangi nyeusi isiyong'aa, akanionya kwamba kiraka kitanisogeza tu hadi nipate mfuko mpya. Alinionyesha pia kidirisha chekundu cha mgongoni, kile unachosomea namba za picha kwenye karatasi ya mkanda. Kiliwekwa enzi za mikanda isiyohisi mwanga mwekundu. Mikanda ya sasa inauhisi, na jua letu la saa saba halina huruma. Bandika kipande cha tepu nyeusi juu yake, kiinue tu unaposogeza mkanda, tena kivulini. Bila kufanya hivyo, mkanda wa 400, yaani ule unaohisi mwanga haraka, unaweza kupata doa katikati ya fremu, na utasingizia lenzi bure.

Wakati kiraka kinakauka, rafiki yangu wa Dar aliniazima Fuji GA645, nikapanda nayo Lushoto. Hii nayo ni ya 1995. Inalenga yenyewe, inapima mwanga yenyewe, inasogeza mkanda yenyewe, na inatoa picha 16 kwa mkanda. Lenzi yake ni ya milimita 60, inayoona upana wa wastani, na ukiishika kawaida fremu inasimama wima, jambo linaloifaa sana picha ya mtu mmoja. Sijawahi kutumia kamera ya mkanda mpana iliyo rahisi kama ile. Ukungu wa Usambara uliokuwa ukipanda na kufunguka kwa dakika chache ungenipita na kamera nyingine yoyote, na ile iliupata. Anayetaka kamera ya 120 ya kusafiri na familia, watoto wakikimbia mbele yake, aitafute hiyo kabla ya zote. Mimi niliirudisha kwa sababu mbili. Inakula betri mbili za CR123A, ambazo madukani sikuzipata nilipokuwa kule mlimani, na bila betri haifanyi kazi hata kidogo. Ya pili ni ile ile ya Mamiya: vipuri vyake vya umeme havitengenezwi tena, na fundi niliyenaye mimi ni fundi wa chemchemi na gia.

Hapo ndipo nilipoanza kuupima uzito wa kamera kwa namna nyingine. Nilihesabu vyote vinavyoifuata: betri, fundi, vipuri, mkanda, namna ya kuikausha, na hofu ya kuibiwa. Ukivitia vyote kwenye mizani, kamera ya gramu 800 inaweza kuwa nzito kuliko ya kilo na ushee.

Ninayosafiri nayo leo ni Yashica-Mat 124G, ya lenzi mbili. Lenzi ya juu ni ya kuonea, ya chini ni ya kupigia, milimita 80, f/3.5. Ilianza kutengenezwa mwaka 1970, shata yake ni ya mitambo mitupu kuanzia sekunde moja hadi 1/500, na mkono wake wa pembeni ukizungushwa unasogeza mkanda na kukaza shata kwa pamoja. Kwa vipimo si ndogo, ni kiboksi cha kilo moja na ushee, na haikunjiki isipokuwa kofia ya juu. Mzee wa Ngamiani alizitumia za aina yake ujanani, na ana miili ya zilizokufa anayoitoa vipuri. Kwangu hilo lilimaliza mjadala.

Kipima mwanga chake kilitengenezewa betri ya zebaki, ambayo haiuzwi tena. Usihangaike nacho. Pakua programu ya kupima mwanga kwenye simu, au tumia kanuni ya zamani: juani kabisa, weka tundu la lenzi, lile linaloingiza mwanga, kwenye f/16 na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya mkanda. Kwa mkanda wa 100 ni 1/125, kwa wa 400 ni 1/500. Kwenye mchanga mweupe wa Pangani bana hadi f/22. Kwenye kivuli cha mwembe fungua hatua tatu hivi, na ukiwa na shaka na mkanda wa rangi wa negativu, ongeza mwanga, usipunguze. Kamera nyingi za kukunja za zamani zinaishia 1/250 au 1/300, hivyo mkanda wa 400 ufukweni mchana zitaumudu kwa shida. Ukizichagua, beba wa 100.

Faida ya Yashica ambayo hakuna aliyeniambia ni adabu yake. Unaishika usawa wa tumbo, unainamisha kichwa kutazama kioo. Hunyooshi kitu usoni kwa mtu. Pangani nilikaribishwa uani na kina mama waliokuwa wakikuna nazi. Kama mwanamke uani naingia, lakini kuingia si ruhusa ya kupiga picha. Niliiomba, nikasubiri, nikaiweka kamera mkekani wakaitazama wenyewe. Bibi mmoja aliinama kwenye kioo, akamwona mkwewe amegeuzwa kushoto kulia, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaniambia, "Hii yako inatuinamia, inatusalimu. Haya, tupige." Picha ile ndiyo bora niliyonayo mpaka sasa. Sidhani ningeipata na kamera ya kubandika jichoni.

Ina tabu zake na nitazisema. Kwa kuwa kioo kinageuza pande, kumfuata mtu anayetembea ni kazi. Lenzi ni moja tu: kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa mji kwenye njia ya Pangani, nilitaka msikiti na makaburi zaidi ya 40 yaliyoko pale yaingie kwenye fremu moja, sikuweza. Niliyapiga moja moja, na nikaridhika na nguzo iliyobaki imesimama. Kitu kikiwa karibu, chini ya mita moja na nusu, lenzi ya chini haioni kile unachokiona juu, basi inua kamera kidogo kabla ya kufyatua ili usimkate mtu kichwa. Ndani ya Mapango ya Amboni utahitaji stendi ya miguu mitatu na waya wa kufyatulia, mwanga wa mle ni wa sekunde nyingi. Na anayepanda milima peke yake kwa miguu, bila nia ya kupiga watu, ningemwambia achukue ya kukunja yenye mfuko mpya, wala asinifuate mimi.

Kubadilisha mkanda wa 120 safarini kunataka utulivu. Hauna kikopo, kinachouziba mwanga ni karatasi yake na mkazo wa kuviringwa. Ufungulie kivulini, kwenye kivuli cha mwili wako mwenyewe kama hakuna kingine. Uliokwisha usiuache ulegee, ukaze kwa kidole, lamba kile kibandiko, ufunge, kisha uingize kwenye mfuko mweusi papo hapo. Uliolegea huingiza mwanga pembeni, na utauona kama ukungu kwenye kingo za picha zote.

Sasa kuvu. Hii ndiyo ada ya kuishi pwani, na haichagui kamera ya bei kubwa. Unyevu ukidumu juu ya asilimia 65 au 70 hivi na lenzi ikakaa gizani, kuvu huota kwenye vioo, nyuzi nyembamba kama mizizi, na zikishakula rangi ya kinga ya kioo hazitoki bila kovu. Mkoba wa ngozi uliokuja na kamera ndiyo nyumba yake anayoipenda, uweke mbali. Mimi nahifadhi kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu ninazozikausha kwenye oveni zinapobadilika rangi. Na naitumia. Kamera inayotoka nje mara kwa mara, ikapata hewa na mwanga, hushikwa na kuvu kwa shida zaidi. Ukitoka Lushoto kwenye baridi ukateremka Mombo hadi joto la pwani, usiifungue mara moja. Iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo jasho litakaa ndani ya lenzi. Mikanda iliyotoka kwenye friji nayo ni hivyo hivyo.

Kusafisha kulinishinda mwanzoni kuliko kupiga. Mkanda wa rangi unataka dawa ya nyuzi 38 na usimamizi wa makini, nautuma Dar. Nyeusi na nyeupe nasafisha nyumbani. Maelekezo ya dawa yanataja nyuzi 20, na maji ya bomba letu mwezi wa Februari hayakaribii hapo. Kwa maji ya moto kiasi hicho muda wa dawa unafupika mno, picha inatoka na mabaka, na utando wa mkanda unalainika hadi kucha inauchubua. Ninanunua barafu ya mifuko, naitia kwenye beseni, naweka chupa za dawa humo hadi zifike nyuzi 20, na maji ya kusuuzia nayapoza vilevile ili mkanda usirushwe kutoka baridi hadi moto. Nafanya usiku, vumbi likiwa limetulia.

Anayenunua kamera iliyotumika kutoka mbali amwombe muuzaji vitu hivi kabla ya kulipa: picha ya lenzi iliyomulikwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa; video fupi ya shata kwenye sekunde moja, nusu, na robo, yenye sauti; kwa ya kukunja, picha ya mfuko umemulikwa ndani gizani; na picha halisi zilizopigwa na kamera hiyo hiyo, si za mfano. Anayesita kukupa hata moja, mwache. Tenga fungu la forodha pembeni, na fungu la fundi pembeni, kabla hujatazama bei ya kamera.

Na kama unasafiri kwa ndege, mikanda usiiweke kwenye mzigo unaokwenda chini, mashine za huko zina nguvu ya kuiunguza. Ibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Viwanja vikubwa vya nje sasa vina mashine mpya za CT, zinazopiga eksirei kutoka pande nyingi, kwa mizigo ya mkononi pia, na hizo zinaweza kuharibu mkanda kwa kupita mara moja tu. Fika mapema, omba kwa upole ikaguliwe kwa mkono, na umwonyeshe mkaguzi ule mkanda wenyewe, kwa kuwa wengi wao ni vijana na huenda hawajawahi kuushika.